Sheikh Shaaban Robert na Walimu Wake







Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tunamwangalia Muislamu mmoja wa nchi yetu ambaye jina lake linajulikana na kila aliyepita darasani, lakini ambaye maisha yake hatuyajui sana. Naye ni marehemu Sheikh Shaaban Robert, mshairi na mwandishi. Wengi wetu tumesoma Kusadikika au Adili na Nduguze ili kufaulu mtihani. Tumewajua Karama, Adili, Hasidi na Utubora, kisha tumefunga kitabu. Leo tuulize jambo ambalo mtihani hauulizi: watu hao wa kitabuni walitoka wapi? Nani alimfundisha Sheikh Shaaban hata akaweza kuwaumba?

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani, na vita vya Majimaji, ambavyo babu zetu wa Ruvuma walivionja kwa uchungu, vilikuwa vimekwisha miaka michache tu iliyopita. Asili ya wazazi wake inatajwa kuwa ni Wayao, kabila ambalo sisi wa mkoa huu tunalijua vizuri kwa jirani zetu wa Tunduru. Hata hivyo yeye alizaliwa na kukulia pwani, akajihesabu kuwa ni Mswahili, na lugha ya Kiswahili ikawa ndiyo mama yake wa pili.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Hakwenda chuo kikuu, na wala wakati ule hapakuwa na chuo kikuu cha kwenda katika nchi hii. Alipomaliza aliajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya kwa miaka 18, tangu 1926 hadi 1944. Pangani ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Kisha alifanya kazi katika idara ya wanyama kwa miaka miwili, mpaka 1946. Baada ya hapo alirudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 akawa katika ofisi ya upimaji ardhi mpaka karibu na mwisho wa utumishi wake.

Ndugu mwanafunzi, zingatia jambo hili. Mtu tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili alikuwa karani. Mchana aliandika hesabu za ushuru na barua za serikali ya kikoloni. Vitabu vyake aliviandika katika muda uliobaki. Basi hakuna mwenye kusema kwamba hana nafasi.

WALIMU WA NYUMBANI

Mwalimu si yule tu anayeshika chaki. Mwalimu ni kila mtu ambaye ukiishi naye tabia yake inakuingia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba rafiki mwema ni mfano wa muuza miski, na rafiki muovu ni mfano wa mhunzi avukutaye moto. Ukikaa na wa kwanza utaondoka na harufu nzuri hata kama hukununua kitu, na ukikaa na wa pili utaondoka na moshi hata kama hukuungua.

Miongoni mwa watu waliomwachia Sheikh Shaaban harufu nzuri, wa kwanza tunayemfahamu kwa uhakika ni mkewe Amina. Katika kitabu chake cha Maisha Yangu, kilichochapishwa mwaka 1949, ameeleza ndoa yake na bibi huyo kwa heshima na mapenzi ambayo wanaume wengi wa zama zake waliona haya kuyasema hadharani. Amina alifariki mapema na kumwachia watoto wadogo. Shaaban alimtungia shairi la maombolezo ambalo mpaka leo linasomwa shuleni. Baada ya hapo alibaki na mzigo wa kuwalea mayatima wa mama.

Katika mzigo huo ndimo zilimotoka tenzi mbili. Moja ilikuwa ni usia kwa mtoto wake wa kiume, nayo ni Utenzi wa Adili. Ya pili ilikuwa ni usia kwa binti yake, nayo ni Utenzi wa Hati. Humo aliwafundisha watoto wake dini, heshima kwa wazazi, usafi, kazi, ukweli na kuishi na watu.

Hapa tunamwona mwalimu wake mwingine, ambaye hakupata kumwona kwa macho. Karibu miaka 50 kabla ya Shaaban kuzaliwa, bibi mmoja wa Pate, mcha Mungu, aitwaye Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha, mwaka 1858, akiwa katika maradhi. Wasomi wengi wameufananisha Utenzi wa Hati na utenzi wa Mwana Kupona. Mama mmoja wa Pate alimwusia binti yake, na baba mmoja wa Tanga akaufuata mwendo ule ule kwa binti yake aliyefiwa na mama. Na juu ya wote hao, wanafunzi wa Qur'ani tunamkumbuka Luqman mwenye hekima, aliyemwita mwanawe na kumwusia kwa upole, mpaka Mwenyezi Mungu akaiweka habari yake katika sura yenye jina lake.

USIA UNAPOKUWA MTU

Sasa tazama. Neno adili, ambalo alimwusia mwanawe katika utenzi, baadaye likawa ni jina la mtu katika hadithi. Kitabu cha Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952. Adili ni liwali mwema wa Janibu, chini ya mfalme Rai wa Ughaibuni. Ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Anawasaidia kila wanapofilisika, nao wanamlipa kwa kumtosa baharini. Kwa sababu ya uovu wao wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku huku moyo wake ukimuuma. Mwisho ni msamaha.

Mifupa ya hadithi hiyo haikutoka Tanga. Imo katika Alfu Lela Ulela, katika habari ya Abdallah bin Fadhil wa Basra na nduguze, na zama zake ni za Khalifa Harun Rashid. Lakini Sheikh Shaaban hakuinakili tu. Katika hadithi ya Kiarabu ndugu waovu waligeuzwa mbwa, naye akawafanya manyani. Tena akawapa watu wote majina ya tabia zao, hata msomaji akisikia jina tu ajue anakutana na nani. Mtu anayeitwa Hasidi hawezi kujificha.

Hiyo ndiyo njia yake katika vitabu vyote. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, yumo Karama, kijana aliyetaka kuwafundisha watu elimu ya sheria ili haki ipatikane. Waziri Majivu anamshitaki kwa mfalme kuwa ni mhaini. Karama anapewa siku 6 za kujitetea, na kila siku anasimulia habari ya mjumbe mmoja aliyetumwa nchi za mbali, akarudi na mambo mema, akatupwa gerezani kwa wema wake. Kumbuka kwamba aliyeandika hayo alikuwa mtumishi katika ofisi za wakoloni, amekaa humo robo ya karne akiona nani anasikilizwa na nani hasikilizwi. Aliiweka nchi yake angani, mahali pasipo na ramani, lakini msomaji wa Tanganyika hakushindwa kuona ni nchi gani.

Na katika Utubora Mkulima, kitabu kilichochapishwa mwaka 1968 baada ya kufa kwake, yumo Utubora, aliyeacha kazi ya mjini yenye mshahara mzuri akaenda kijijini Busutamu kulima kwa mikono yake. Watu wanamshangaa. Sisi tunaolima mihogo, mpunga na kahawa, na kuvua usipa katika Ziwa Nyasa, hatuna haja ya kumshangaa. Mtoto wa Vibambani alikua akiwaona wakulima na wavuvi, akajua kwamba heshima haikai katika suruali iliyopigwa pasi peke yake.

Vilevile katika Siku ya Watenzi Wote, kilichotoka mwaka huo huo wa 1968, aliyebeba hadithi anaitwa Ayubu. Mwanafunzi wa madrasa hahitaji kuambiwa jina hilo linatukumbusha subira ya nani (A.S.).

MWALIMU ALIYEKUTANA NAYE KARIBU NA MAUTI

Mpaka hapa mtu anaweza kusema kwamba Sheikh Shaaban alikuwa akiwaumba watu wema kwa sababu ni rahisi kuwa mwema katika kitabu. Ndiyo maana habari ya Siti binti Saad ina faida kubwa.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia ya mafukara. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa, na jina hilo lilieleza daraja waliyowekwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti alibeba vyungu kichwani akaenda kuviuza mjini kwa miguu. Shule hakusoma. Alihamia mjini mwaka 1911, akatafuta wa kumfundisha, akajifunza mpaka sauti yake ikawa inajulikana pwani nzima. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi sahani za santuri, na nyimbo zilikuwa kwa Kiswahili, wakati ambapo wakubwa wa Unguja walipenda zaidi nyimbo za Kiarabu.

Waliomhusudu walimtungia maneno ya kumkejeli kwa sura yake na unyonge wa asili yake. Yeye aliwajibu kwamba thamani ya mtu iko katika akili na mwenendo, siyo usoni.

Masheikh wetu wana maneno yao juu ya muziki, na ukurasa huu hautafungua mlango huo. Tunachokitaka hapa ni kingine. Mwaka 1950 Sheikh Shaaban alikutana na Siti, akakaa naye na kumsikiliza habari za maisha yake. Bibi huyo alikuwa amebakiwa na miezi michache tu. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kutokana na mazungumzo hayo Shaaban aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa kwanza mwaka 1958, na ambao mpaka leo unahesabiwa kuwa miongoni mwa wasifu bora katika Kiswahili.

Wasifu si hadithi ya kubuni. Siti alikuwa mtu wa kweli mwenye nyumba na jirani. Lakini ukiusoma wasifu ule kisha ukasoma hadithi zake za kubuni, utaona kwamba ni mwandishi yule yule anayetafuta jambo lile lile: mnyonge mwenye tabia njema anayesimama mbele ya wenye husuda bila kuwa kama wao. Kwa Siti alionyesha kwamba watu wa namna ya Adili na Karama wapo, wanakula na kulala kama sisi, na mwingine alikuwa akiuza vyungu barabarani.

Fikiri kama angechelewa. Kama angesema kwamba atakwenda Unguja mwakani, ile habari ingezikwa pamoja na mwenyewe.

HATA KATIKA NCHI NYINGINE

Jambo hili la mwandishi kumchukua mwalimu wake na kumtia katika hadithi halikuwa kwa Sheikh Shaaban peke yake. Huko Edinburgh, Uskochi, palikuwa na daktari wa upasuaji aitwaye Joseph Bell, aliyefariki mwaka 1911. Alikuwa akimwangalia mgonjwa viatu, mikono na mwendo, akamwambia kazi yake na atokako kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Aliwafundisha wanafunzi wake kuwa kutazama si kuona. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akimsaidia kuwapokea wagonjwa aliitwa Arthur Conan Doyle. Mwaka 1887 mwanafunzi huyo alitoa hadithi ya mpelelezi Sherlock Holmes, na alikiri mwenyewe kwamba aliyemtia akilini ni mwalimu wake Bell. Kitabu kimoja cha hadithi hizo, cha mwaka 1892, alimtunukia.

Mwendo wa Holmes ukafika Unguja. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, kikashinda katika mashindano ya uandishi na kuchapishwa mwaka 1960. Humo yumo Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na rafiki yake Najum, ambao wanafanana na Holmes na rafiki yake. Basi mwalimu wa Edinburgh, ambaye hakupata kuijua Makunduchi, alipata mjukuu wa kitabuni anayesema Kiswahili. Elimu iliyotolewa kwa moyo husafiri, na mwenye kuitoa hajui itafika wapi.

NAYE AKAWA MWALIMU

Aliyefundishwa naye alifundisha. Kati ya mwaka 1931 na 1958 Sheikh Shaaban alikuwa akimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Ndani ya barua hizo zimo nasaha, habari za kazi, za vitabu, za shida ya fedha na za familia. Mdogo mtu alizihifadhi, naye pia akawa mwandishi. Barua zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2002, miaka 40 baada ya mwandishi kufariki. Kama Yusuf angezifungia sukari au kuwashia moto, nasi tungemjua kaka yake nusu tu.

Sheikh Shaaban alitunukiwa nishani ya MBE ya Uingereza na zawadi ya uandishi ya Margaret Wrong. Alikuwa mjumbe katika kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lakini hakufa tajiri, na vitabu vyake kadhaa alikufa kabla ya kuviona vimechapwa. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, na Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000, mwaka huo huo. Alifariki mjini Tanga mwezi wa Juni 1962, miezi sita tu baada ya nchi yetu kupata uhuru, akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa Machui, karibu na alipozaliwa. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe makosa yake na ayatie nuru makazi yake. Amin.

MAZINGATIO KWETU

Ndugu zangu, tunapata mafunzo gani?

La kwanza, chagua wa kukaa naye. Kila unayekaa naye anaandika kitu ndani yako, utake usitake. Ukiwa mwandishi, atatokea katika kitabu chako. Usipokuwa mwandishi, atatokea katika tabia yako na katika watoto wako.

La pili, usidharau walimu wasio na cheti. Bibi anayeanika usipa mchangani huku akidhukuru, mzee aliyekosa mkopo lakini hakupunja mizani ya kahawa, maalim anayefundisha alifu na bee kwa miaka mingi bila ya mshahara wa maana, hao ndio akina Adili na Utubora wetu. Hawajaandikwa kwa sababu hakuna aliyekaa nao na daftari.

La tatu, usichelewe. Wazee wetu wa Tingi, Mbamba Bay na vijiji vya ziwani wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka huenda na kitabu kizima. Sheikh Shaaban alimwahi Siti kwa miezi michache. Sisi hatujui tumebakiwa na muda gani na wetu. Katika likizo hii, kila mwanafunzi wa darasa la juu amwendee mzee mmoja kwa adabu, amsalimie, amsaidie kazi yake kwanza, kisha amwombe amweleze alivyolelewa na aliyemfundisha dini. Aandike kwa mkono wake na alete daftari madrasa tukifungua.

La nne, tujiangalie. Sheikh Shaaban aliwapa watu majina kwa tabia zao. Iwapo leo mwandishi kama yeye angepita hapa, akakaa nasi wiki moja bila sisi kujua kuwa anatuandika, kila mmoja wetu ajiulize angeitwa nani katika kitabu hicho. Na Malaika wawili wanaoandika hawahitaji kupita, kwani wako nasi kila saa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie walimu wema, atujaalie kuwaheshimu wangali hai, na atujaalie kuwa mfano mwema kwa wanaotufuata. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sheikh Shaaban Robert alizaliwa wapi na mwaka gani, na alifanya kazi ya forodha kwa miaka mingapi?
2. Utenzi wa Hati unafanana na utenzi gani wa zamani, na kwa sababu gani?
3. Taja tofauti moja kati ya Adili na Nduguze na hadithi ya Abdallah bin Fadhil.
4. Siti binti Saad aliwajibu nini waliomkejeli?
5. Andika ukurasa mmoja juu ya mtu aliyekufundisha jambo jema nje ya darasa. Mpe jina la tabia yake.